Luger OG ama Imepikwa? Vile Wasee Hujua Bastola ya Mjerumani Orijino na Ile ya Kufinyangwa

Desemba 2020, bastola aliyoshika Sean Connery kwenye Dr. No, ile filamu ya kwanza ya James Bond, iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 256,000. Sasa cheki hii. Kwenye stori, Bond anapewa Walther PPK. Mchuma wenyewe Connery alibeba mbele ya kamera ulikuwa Walther PP, ndugu mkubwa wa PPK. Wauzaji waliandika wazi kuwa ni PP, na bado hiyo doo ilitoka.

Miaka kumi kabla ya hapo, Novemba 2010, Christie's kule London waliuza bastola nyingine ya Connery, ile ameegemeza kifuani kwenye picha za kutangaza From Russia with Love. Hiyo hata si ya risasi. Ni Walther ya upepo, ya kulenga shabaha. Siku ya kupiga picha hakuna msee alikumbuka kubeba PPK, mpiga picha akatoa yake. Bei? Pauni 277,250 kwa toy ya upepo.

Ukishika hizo mauzo mbili, umeshika biashara yote ya bastola za zamani za Mjerumani. Chuma chenyewe kina bei yake, na si kubwa sana. Kile watu wanalipia ni utambulisho: nani aliitengeneza, mwaka gani, ilikuwa mikononi mwa nani. Wakora wanajua hivyo poa kabisa. Ndiyo maana hawashindi wakitengeneza bastola feki. Wanachukua bastola ya kweli na kuipatia jina lisilo lake.

Uongo uko kwa chapa

Watu wengi wakiskia "Luger feki" wanafikiria kuna jua kali mahali inatoa miguu ya kuku ya bati. Zii. Luger ni kazi ngumu: vipande vingi vya chuma vilivyokatwa kwa mashine na kusawazishwa kwa mkono, halafu ile goti ya juu inayojikunja kila ukifyatua. Kuunda moja kutoka zero ni hasara tupu.

Mkora wa Luger anafanya kama wale majamaa wa magari ya kuibiwa. Gari ni gari kweli, injini inanguruma, lakini namba ya chassis imesagwa na logbook imepikwa. Luger za kawaida ziko mob, ju zilitengenezwa zaidi ya milioni mbili. Unanunua moja iliyochoka Marekani kwa kama dola elfu moja na kitu, unafuta alama ya kiwanda, unagonga alama ya kiwanda adimu, na bei inaruka mara tano au zaidi. Kazi ya wikendi, ukiwa na mihuri ya chuma na roho ngumu.

Kwa hivyo swali la "hii ni Luger kweli?" halina maana. Swali ni: je, kila kitu kwa hii Luger kilikuwa hapo siku ilitoka kiwandani?

Ujue kwanza nani alitengeneza nini

Luger imetoka kwa jina la Georg Luger, aliyeiboresha akifanya kazi na kampuni ya DWM ya Berlin. Uswisi walikuwa wa kwanza kuichukua rasmi, 1900. Jeshi la wanamaji la Mjerumani likafuata 1904, na jeshi la nchi kavu 1908, ndiyo maana inaitwa P08. Risasi yake ya 9mm Parabellum ndiyo hiyo hiyo inaingia kwa Ceska za makarao wetu leo. Zaidi ya miaka mia moja na bado iko kazini.

Mwaka wa 1930 kazi ya Luger ilihama kutoka DWM kwenda Mauser, mji wa Oberndorf. Hapo ndipo mambo yanakuwa tamu kwa mtu wa kukagua. Baada ya vita vya kwanza, Mkataba wa Versailles ulikuwa umembana Mjerumani asiunde silaha ovyo, kwa hivyo alianza kuficha majina ya viwanda kwa kodi. Mauser haikuandika Mauser. Iliandika S/42. Hata mwaka ulifichwa: herufi K ilimaanisha 1934, na G ikamaanisha 1935. Kuanzia 1936 wakaacha kujificha na mwaka ukagongwa kwa namba za kawaida. Kodi ikabadilika kuwa 42 tu, halafu kuanzia 1941 ikawa byf. Mwaka wa 1942 Mauser ikaachana na Luger za jeshi.

Wakati huo Walther P38 ilikuwa tayari imechukua nafasi. Ilikubaliwa 1938, rahisi kuunda, bei nafuu, na zilitoka zaidi ya milioni moja vita vikiendelea. Kodi zake: ac ni Walther wenyewe, byf ni Mauser (mwisho wa vita ikageuka svw), na cyq ni Spreewerk, kiwanda kilichokuwa Grottau, mji ambao leo uko Jamhuri ya Czech na unaitwa Hrádek nad Nisou.

Hizi herufi si mapambo. Ni kama plate ya gari. Ukiona goti limeandikwa byf lakini chumba cha risasi kimegongwa 1937, jua vipande viwili tofauti vimeozeshwa. Byf haikuwepo 1937. Labda ni fundi wa jeshi alibadilisha kipande kilichovunjika, labda ni mkora. Vyovyote vile, hiyo bastola haiwezi kuuzwa kama iliyotoka kiwandani ikiwa nzima.

Halafu kuna tai. Kila kiwanda kilikuwa na wakaguzi wa jeshi, na kila kikosi cha wakaguzi kilikuwa na muhuri wa tai mdogo na namba chini yake. Walther ilikuwa na tai wa 359, Mauser tai wa 135 kwa miaka ya baadaye ya vita, na Spreewerk tai wa 88. Krieghoff, ambayo tutaifikia, tai wa 2. P38 ya cyq yenye tai wa 359 upande wa slaidi inafaa kukutoa jasho. Lakini tulia kidogo: viwanda vingine vidogo viliwauzia vipande kama mitutu na fremu, kwa hivyo tai tofauti kwa kipande kimoja si lazima iwe uongo. Ndiyo maana wenye ujuzi hawaulizi tu "tai gani?" Wanauliza "tai gani, kwa kipande gani, mwaka gani?"

Namba zote lazima ziongee lugha moja

Mjerumani alikuwa na tabia ya kugonga namba kila mahali. Luger ya jeshi ina namba kamili kwa fremu na mtutu, halafu vipande vidogo vinabeba tarakimu mbili za mwisho: kifyatulio, kufuli ya usalama, vipande vya goti, hata bamba la pembeni. Namba zilienda hadi elfu kumi, halafu zikaanza tena na herufi ndogo nyuma yake: a, b, c, hivyo hivyo. Walther kwa P38 ilianza upya kila mwaka. Kwa hivyo bastola mbili zinaweza kuwa na namba sawa na zote ziwe halali, ju mwaka au herufi ni tofauti.

Ikiwa vipande vyote vinalingana, bei iko juu. Kipande kimoja kikikataa, bei inashuka vibaya sana, hata kama ni kapini kadogo ambako hukaona bila kufungua. Na hapo ndipo wakora wanapata kazi. Wanasaga tarakimu mbili za zamani na kugonga mpya ili zilingane.

Kushika hii kitu unahitaji lenzi ya kukuza mara kumi, ile ya sonara, na macho yenye subira. Muhuri wa chuma ukigongwa kwa nyundo au mashine unasukuma chuma pembeni, kwa hivyo ukingo wa namba unainuka kidogo. Ya kuchongwa au ya leza haina hiyo. Ukiona tarakimu imekaa kwenye kibonde, yaani sehemu hiyo ya chuma iko chini kuliko jirani yake, kuna mtu alisaga hapo. Halafu cheki maumbo: kila kiwanda kilikuwa na seti yake ya mihuri, na 4 ya Mauser si 4 ya muhuri ulionunuliwa dukani juzi. Watu wa hii game huweka picha za bastola mia mbili zilizothibitishwa ili walinganishe tu vile 4 na 7 zinakaa. Ni ushamba wa aina yake, lakini unawaokolea pesa.

Kuna mbinu nyingine ambayo polisi wa uchunguzi hutumia kwa silaha za uhalifu. Muhuri ukigongwa, nguvu yake inabana chuma hata chini ya mahali unaona. Ukisaga namba juu, chini bado kuna kumbukumbu. Asidi maalum ikipakwa, sehemu iliyobanwa inaliwa tofauti na ile nyingine, na namba ya zamani inaibuka kama mzimu. Inaonyesha pia mahali palipochomelewa. Shida ni kuwa inaharibu sura ya bastola, kwa hivyo hakuna mwenye bastola ya bei atakubali uifanye sebuleni kwake.

Na usidhani kila namba iliyochorwa ni wizi. Warusi walikamata bastola nyingi sana 1945. Walizipeleka ghalani, wakazifungua zote, wakazisafisha, wakazitumbukiza kwa rangi mpya na kuziunganisha bila kujali kipande ni cha nani. Halafu wakaandika namba mpya kwa kalamu ya umeme, zile herufi nyembamba zinazotetemeka. Hizo zina historia yao halali na bei yao ya chini. Noma inaanza mtu akifuta maandishi ya kalamu na kukuuzia kama ya mwanajeshi wa Marekani aliyerudi nyumbani nayo.

Rangi hudanganya wageni

Mgeni akiona bastola inang'aa kama sufuria mpya anafurahi. Mzoefu anaanza kushuku.

Ile rangi nyeusi-bluu ya bastola si rangi ya kupaka. Ni kutu iliyofugwa. Njia ya zamani ilikuwa kuachia chuma kishike kutu polepole, kukipiga brashi, na kurudia hadi kiwe na weusi laini wa ndani. Kwa Luger za Mauser, hadi 1937 hivi, vipande vidogo kama kifyatulio na kufuli ya usalama viliachwa na rangi ya dhahabu iliyofifia kama nyasi kavu, iliyotokana na kuchomwa kwa joto maalum. Baada ya hapo wakahamia njia ya haraka ya kuchovya kwenye chumvi moto, na vipande vidogo vikawa vya bluu kama mwili wote. Kwa hivyo byf ya 1942 yenye kifyatulio cha dhahabu ni bastola iliyopelekwa saluni. Ni maridadi, ndiyo, na watu wasiojua wanailipia zaidi. Wanaojua wanaipita.

Kuna vitu vitatu vinavyosaliti rangi mpya. Kwanza, mashimo ya kutu. Kutu ikila chuma baada ya rangi kupakwa, ndani ya shimo kunakuwa kahawia au kijivu. Ukikuta shimo lakini ndani yake ni bluu safi, rangi ilikuja baada ya kutu. Pili, kona. Bastola iliyosuguliwa kabla ya kupakwa upya hupoteza makali yake, na maandishi yanalala kama sabuni iliyotumika. Tatu, uchakavu usio na akili. Bastola ya miaka themanini iliyoishi kwa mfuko wa ngozi inachubuka mbele ya mtutu na kwenye kona zinazogusa ngozi. Ikiwa imechubuka katikati tu, au imezeeka sawasawa kila mahali, muulize aliizeesha na nini.

Sasa upande wa pili, ambao unachanganya hata wale wanajiona wajuaji: bastola za mwisho wa vita zinafaa kuwa mbaya. Mwaka wa 1944 na 1945 Mjerumani alikuwa amebanwa pande zote, na hakuna mtu alikuwa na wakati wa kulainisha chuma. P38 za Spreewerk hasa zina mikwaruzo ya mashine kama barabara ya murram. Ukionyeshwa cyq ya mwisho imelainishwa kama kioo, kimbia.

Krieghoff, ndoto ya kila mkora

Kama kuna Luger moja ya kushuku kabla hata hujaishika, ni Krieghoff. Hii ilikuwa kampuni ya Suhl iliyopata kandarasi ya kuundia jeshi la angani, Luftwaffe, bastola 10,000. Ukilinganisha na mamia ya maelfu ya Mauser, hiyo ni tone. Na zilikuwa safi, kazi ya mafundi. Kwa hivyo kila mtu anaitaka na kila mkora anataka kukusaidia kuipata.

Njia yao ni ile ile: chukua Luger ya kawaida, saga alama ya juu ya goti, gonga jina la Krieghoff na nanga yao, ongeza tai wa 2. Lakini kuna vitu wanasahau. Krieghoff za Luftwaffe hazikutumia zile herufi ndogo nyuma ya namba. Walihesabu tu kwenda mbele. Ukiona "Krieghoff" yenye namba 4521 na herufi b nyuma, mazungumzo yameisha. Halafu ukisaga goti, umbo lake linabadilika. Goti la Luger lina duara la juu lililo sawa kabisa, na ukiliangalia kwa pembeni dhidi ya mwanga, sehemu iliyosagwa inaonekana bapa.

Simson ni adimu pia, na hiyo ina stori ya kuuma. Simson ya Suhl ilikuwa kampuni ya familia ya Kiyahudi, na miaka ya 1920 ndiyo iliyoruhusiwa kuliundia jeshi la Mjerumani Luger. Wanazi walipochukua nchi waliwanyang'anya kampuni katikati ya miaka ya 1930, na familia ikatoroka. Kwa hivyo jina la Simson kwenye goti ni ushahidi wa jambo lililotendwa kwa watu halisi. Mkora akigonga hilo jina kwa Luger ya DWM ili apate doo ya haraka, anachafua huo ushahidi. Hapo ndipo hii kitu inaacha kuwa mchezo wa matajiri wenye wakati mwingi.

Mafuvu, SS na majina ya kuvutia

Ukiona bastola ina herufi za SS zimechongwa kubwa ubavuni, au fuvu la kichwa kwa mshikio, chukulia ni uongo hadi uoneshwe vingine. Vikosi vya SS vilipewa bastola nyingi kutoka ghala lile lile la jeshi, zenye tai wale wale wa kawaida. Hakuna aliyekaa akizichora. Waliochora ni wauzaji wa baada ya vita, ju waligundua kuna watu wanalipa zaidi kwa uovu ukiandikwa wazi. Binafsi naona kuna kitu kimepinda kwa mtu anayelipa mara tatu ili apate fuvu, lakini soko halijaniuliza.

PPK nazo zina janga lao: mshikio wa plastiki wenye tai na swastika, uliokuwa wa viongozi wa chama cha Nazi. Mshikio unatoka kwa skrubu moja. Fikiria hiyo. Kitu kinachoongeza bei mara kadhaa kinatoka kwa skrubu moja, na plastiki ni rahisi kumwaga kwa kalibu. Nakala ziko kila kona. PPK yenye mshikio huo inafaa iwe na namba na chapa za miaka inayolingana nao, na uchakavu wa plastiki ufanane na wa chuma. Chuma kimechoka halafu mshikio ni mpya kabisa? Haikuoa hiyo bastola zamani.

Kuna pia "Black Widow". Utaskia wauzaji wakilitamka kwa heshima, ati ni Luger spesheli ya makomando. Ni byf ya 1941 au 1942 ya kawaida yenye mishikio ya plastiki nyeusi. Jina lilibuniwa Marekani baada ya vita ili kuuza. Hakuna Mjerumani aliyewahi kuiita hivyo kazini. Bastola ni halali, jina ni la mtaani, na nyongeza ya bei ni kodi ya wasiojua.

Mauser C96 unaijua hata kama huijui, ju blaster ya Han Solo kwenye Star Wars iliundwa juu ya mchuma huo. Ile aliyotumia Harrison Ford kwenye filamu ya 1977 iliuzwa Agosti 2022 na Rock Island Auction kwa dola 1,057,500, zaidi ya shilingi milioni 120 wakati huo. Sasa, C96 ya kawaida ilitumia risasi ya 7.63mm. Vita vya kwanza vilipopamba moto, jeshi la Prussia liliagiza 150,000 za 9mm, na ili askari wasichanganye risasi, tarakimu 9 kubwa ikachongwa kwenye mshikio wa mbao na kutiwa nyekundu. Watozaji wanaziita "Red 9". Unaona shida? Kisu, mbao na rangi nyekundu, na yeyote ana Red 9. Wenye akili hawaangalii mbao kwanza. Wanaangalia ndani ya mtutu, chapa za jeshi, na kama namba iko kwenye ule mfululizo wa oda ya Prussia.

Makaratasi yanasema nini, na yanang'aa vipi

Askari wa Marekani wengi walirudi nyumbani na bastola. Kama umeona Band of Brothers, unakumbuka yule jamaa aliyekuwa na njaa ya Luger, na vile ilimwishia. Waliofuata utaratibu walipewa cheti kilichosainiwa na mkubwa wao, kinachoruhusu kubeba silaha iliyotekwa. Cheti chenye namba ya bastola, kikiwa na bastola yenyewe, ni dhahabu.

Kwa hivyo cheti nacho kinapikwa. Kuna kipimo rahisi: karatasi za kisasa huwekwa kemikali ya kuzing'arisha, na chini ya taa ya ultraviolet zinawaka bluu kama diski ya klabu. Kemikali hiyo ilienea kwa karatasi baada ya vita. Cheti cha 1945 kinachowaka hivyo kilizaliwa akina Elvis wakiwa stejini. Kipimo hicho kinashika wajinga tu, ju mkora mjanja anatafuta karatasi tupu kutoka vitabu vya zamani, lakini wajinga ni wengi.

Chuma chenyewe pia kinaweza kukanusha stori. Muuzaji anasema babu yake aliitoa kwa mkono wa ofisa Ujerumani, 1945. Sawa. Unageuza bastola unakuta jina la kampuni ya kuagiza bidhaa limegongwa kwa herufi ndogo chini ya mtutu. Hiyo alama ilitakiwa na sheria ya Marekani ya 1968 kwa silaha zinazoingia kutoka nje. Babu hakurudi nayo kutoka vitani. Iliingia kwa kontena. Ama unakuta neno GERMANY, kwa Kiingereza, kwenye fremu. Hilo liligongwa kwa Luger zilizouzwa Marekani kwa raia miaka ya 1920, kabla Hitler hajachukua nchi. Ilinunuliwa dukani, na risiti.

Bastola yenye stori kubwa kabisa labda ni ile Walther PP ya dhahabu ambayo kampuni ilimpa Hitler alipotimiza miaka 50, Aprili 1939, yenye herufi AH kwa mshikio. Iliuzwa mnadani Marekani 1987 kwa dola 114,000. Na ile Luger ya .45 iliyoundwa ili ijaribiwe na jeshi la Marekani 1907, inayojulikana kama "Luger ya dola milioni", iliuzwa 2010 kwa dola 494,500. Jina lilikuwa limeikimbia bei.

Na hapa kwetu?

Tuongee ukweli. Luger inayofyatua ni bastola kama bastola nyingine. Hapa Kenya ukipatikana nayo bila leseni kutoka Bodi ya Leseni za Silaha, hakuna jaji atakuskia ukisema ni antiki. Msee akikuinbox ati ako na Luger ya vita ya babu anauza, hiyo inaweza kuwa feki, ya wizi ama mtego, na zote tatu zinakupeleka pabaya.

Ukitaka kuona chuma cha vita cha Mjerumani bila presha, shuka Mombasa. Fort Jesus kuna mzinga wa meli ya SMS Königsberg, ile ilizamishwa mtoni Rufiji 1915. Hakuna mtu amewahi kuhitaji lenzi kuuthibitisha.

Wale wako na ndugu au binamu Marekani wanaopenda hii kitu, wao ndio hii imeandikiwa. Mtumie hii kabla atume doo. Aombe picha za kila namba, zikiwa karibu, kwa mwanga wa mchana, na mishikio ikiwa imetolewa. Aombe picha ya chini ya mtutu, ya juu ya goti kwa pembeni, na ya sehemu ya chini ya magazini, ju magazini yenye namba sawa na bastola ni nadra na ina bei yake peke yake. Picha zote zikiwa na ukungu kidogo mahali pale pale, si bahati mbaya. Halafu aulize siku za kukagua. Wauzaji wa maana hutoa kama siku tatu uikague mkononi na uirudishe bila kelele, na wanaandika hivyo kwa risiti, pamoja na neno kwamba ni ya asili. Muuzaji anayetoa stori ya dakika ishirini kuhusu ofisa wa SS lakini hataki kuandika sentensi moja kwa risiti ameshakujibu. Na kama kwa familia kuna bastola ya kweli iliyorithiwa na inauzwa, asiisugue. Asiguse na Brasso, asipeleke kwa fundi aipake rangi ipendeze. Kitambaa chenye mafuta kidogo kinatosha. Mengine yote ni kukata bei kwa mkono wake mwenyewe.